Mifuko Iliyolia Mlangoni

Jumatatu, 4 Machi

Leo ni tarehe nne Machi. Imetimia miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku kumi na moja tangu nivuke mpaka na mke, mtoto mchanga na begi moja lililokosa zipu. Mke ametangulia mbele ya haki. Mtoto sasa ni muuguzi, nami naishi kwake, chumba cha nyuma. Begi sijui liliishia wapi.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu ya simu ya jana. Mdogo wangu alipiga, akawa anaongea kwa kelele kana kwamba haamini mtambo, anataka sauti yake ifike kwa miguu. "Kaka! Nyumba ya baba imerudi! Tumekabidhiwa funguo!" Nikamwambia nyumba ile naikumbuka ilikuwa na ufunguo mmoja tu, na haukuwa unafunga. Akacheka, akalia, kisha akasema barabara ya huko haipitiki wakati huu, lakini mvua ikikatika atakuja na gari kunichukua. "Chumba cha upande wa mashariki ni chako. Nimeshaanza kukipaka rangi. Unakuja au huji?"

Nikasema ninakuja. Nilijibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Binti yangu alikuwa anakunja sare zake za kazini. "Umemwambia ndiyo, baba?" Nikasema ndiyo. Akaikunja sare ileile mara ya pili.

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri. Basi nimebakiwa na msimu mmoja katika mji huu, na nataka kuuandika kabla sijauacha.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Lebo mia nne na ishirini. Mgongo unalalamika.

Jumamosi, 9 Machi

Nieleze kazi yangu, ili daftari likipotea atakayeliokota asidhani limeandikwa na mganga.

Kwetu nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji. Herufi moja moja, kwa vidole, kinyumenyume, hadi ukurasa usimame. Huku nilibeba mizigo, nikafagia, nikalinda bohari, na mwaka wa tisa huu nina meza yangu katika stoo ya supamaketi, nikibandika lebo za usalama. Lebo ni kikaratasi cheupe kisichozidi stempu mbili; ndani yake kuna uzi wa madini uliojikunja kama konokono. Keshia akiipitisha juu ya kibao cheusi pale kaunta, inakufa. Isipokufa, zile nguzo mbili za mlangoni huitambua na kupiga yowe.

Zamani tulivilinda vitu vya anasa tu: manukato, wembe wa kisasa, chupa zenye majina marefu. Siku hizi meneja ameongeza maziwa ya unga, kahawa, mafuta ya kupikia, na tangu Januari hata mifuko ya unga wa ngano ya kilo kumi. Keshia wa kaunta ya pili, msichana ambaye ulimi wake hauna breki, alimwuliza meneja kama chumvi nayo itapewa askari wake.

Kila bidhaa ina maficho yake. Kwenye unga, naibandika chini ya mfuko, ndani ya mkunjo uliolala juu ya mshono, mahali ambapo hata mwenye mfuko hatazami. Naibandika imenyooka. Hakuna atakayeiona, lakini mimi nitajua.

Vijana wananiita Babu Lebo. Nimewahi kuitwa vibaya zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Meneja ameniomba nimfundishe keshia kazi yangu kabla sijaondoka. Anabandika lebo kama mtu anayeua mbu. "Babu, si inashika? Kunyooka kwa nini, inaenda harusini?"

Mlinzi wa mlango tunamwita Samahani, kwa kuwa hawezi kumsimamisha mtu bila neno hilo. Ni mtu wa miraba minne mwenye sauti ya mtoto aliyevunja sahani. Miaka mitano hajakamata mwizi hata mmoja. Namwona ni mtu mwema asiye na kazi, kama mwavuli wenye tundu.

Jumamosi, 16 Machi

Paa la stoo limevuja usiku na mifuko mingi ya unga imelowa. Unga umechukuliwa na mfuga kuku. Mifuko mitupu, ile ya nailoni iliyofumwa, nikawa naitoa kuitupa, ndipo sauti ikatoka barazani:

"Babu Lebo! Unaipeleka wapi hiyo?"

"Jalalani."

"Jalalani! Mungu akuongezee macho. Hebu tazama ufumaji wake. Tazama na picha ya masuke, ilivyokaa."

"Tazama na shimo la panya."

"Shimo la panya ni mahali pa kuingizia mkono, ukijua kushona."

Huyo ndiye fundi cherehani, anayekaa kwenye baraza yetu, mkono wa kushoto wa mlango. Ni mjane, kama mimi. Ana miwani mbili: moja ya kushonea, nyingine ya kumtazamia mtu anayesema uongo. Meneja alikubali apewe mifuko yote. "Mchukulie, mzee, atanipunguzia takataka," alisema bila kuinua kichwa. Nikaisafisha, nikaikunja, nikampelekea hamsini na miwili.

"Nasikia mvua ikikatika unahama," akasema.

"Narudi kwetu."

"Kwa furaha?"

"Kwa furaha."

Akavua miwani, akavaa ile nyingine.

Jumatano, 20 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimekunywa chai barazani, kwa kuwa stoo inavuja.

Jumatano, 27 Machi

Mifuko ya fundi imekuwa gumzo la mtaa. Ameigeuza kuwa vikapu vya sokoni: mikono ya kitambaa, pindo la rangi, masuke ya ngano mbele. Hailowi na haichaniki. Kila mwanamke anayejiheshimu ana mmoja, na wanaume wameanza kusema wanawabebea wake zao.

Mimi amenipa wangu bure. "Wa safari. Chini nimekunja mara mbili na kushona juu yake, usije ukakutobokea njiani ukaanza kunilaani mbele za watu wa kwenu."

Nimeutundika msumarini, karibu na kitanda.

Ijumaa, 29 Machi

Leo nguzo zimemlilia mwalimu mkuu mstaafu, mama aliyefundisha nusu ya mtaa huu kutoiba. Alikuwa anatoka na mkate, sabuni na stakabadhi yake. Zilikuwa zimelia pia alipokuwa anaingia, lakini anayeingia hashukiwi na mtu.

"Samahani, mwalimu," mlinzi akanong'ona.

"Samahani ya nini? Pekua! Pekua, mwanangu, nilikupa alama sitini za hesabu, leo nitakuongezea."

Akapekua. Mkate, sabuni, stakabadhi. Mwalimu akaondoka kichwa juu, watu wakapiga makofi.

Jumamosi, 30 Machi

Zimelia mara tisa.

Jumatatu, 1 Aprili

Mara kumi na nne. Kila anayepekuliwa ana stakabadhi yake mkononi. Mvua inapiga bati, nguzo zinapiga yowe, keshia amejiziba masikio kwa pamba.

Jumanne, 2 Aprili

Mara kumi na tisa. Ameletwa fundi mitambo. Akazipiga nguzo makofi mawili, akasikiliza kama daktari, akasema ni unyevu.

Alhamisi, 4 Aprili

Mara ishirini na sita. Daktari wa meno amesimamishwa mara mbili kwa saa moja. Mara ya pili aliinua mikono kabla hajaambiwa. Sijacheka hivi tangu mke wangu aondoke. Lakini meneja hacheki. Amesimama mlangoni mchana kutwa na kalamu, anaandika.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo hakuna kicheko.

Meneja ametuita wote stoo saa nne. Ni mwanamke kijana, mwenye kucha za kutafunwa, anayebeba duka zima kichwani mwake. Akasoma kutoka kwenye daftari lake: tangu Ijumaa ya wiki iliyopita nguzo zimelia mara tisini na tatu, na katika mara hizo tisini na tatu, aliyesimamishwa alikuwa na mfuko wa fundi cherehani. Wote. Amenunua mmoja mwenyewe, ameubonyeza, amegundua una chini mbili.

"Mfuko wa haki una chini mbili za nini?" akauliza. "Kuna vitu vinaingia humo. Sisi tunapekua juu, vitu vinatoka chini. Yule mama anawashonea wezi."

Samahani akasema kwa sauti yake ndogo, "Bosi, mwalimu mkuu si mwizi."

"Basi wewe nieleze! Kwa nini zinalia?"

Mimi nilisema chini ile ya pili ni kazi nzuri tu, nina mfuko wangu nyumbani. Meneja akanitazama kwa huruma, jinsi watu wanavyomtazama mzee anayemtetea mwanamke.

Akatoka hadi barazani na kumwambia fundi mbele ya wateja kwamba Jumatatu jioni cherehani iwe imeondoka. Fundi hakupiga kelele. Alikuwa anashona suruali ya mtu. Akamaliza mstari, akakata uzi kwa meno.

"Miaka kumi na minne nimekaa hapa," akasema. "Mvua ikija upande huu, mimi ndiye ninayeingiza mikokoteni yenu ndani. Mwizi gani huyo?"

Kisha akanigeukia. Alitarajia niseme neno. Nilikuwa na maneno mengi, nimesoma vitabu vingi, na pale barazani sikupata hata moja. Nikamwona Samahani, yule niliyemwita mwavuli wenye tundu, akivua koti lake la mvua na kulifunika juu ya cherehani, kwa kuwa upepo ulikuwa unaleta maji upande ule. Halafu keshia akaninong'oneza jambo ambalo sikulijua: kila mtu aliyeliliwa na nguzo wiki hii, Samahani alimsindikiza hadi barabarani akicheka naye kwa sauti kubwa, ili wapita njia wadhani ni rafiki yake aliyekuja kumtembelea, wasidhani ni mwizi. Tisini na tatu! Nami nilikaa stoo nikidhani hana kazi.

Nimekuja nyumbani kwa miguu, nimelowa. Kwa mwezi mzima nimekuwa nikijiambia kwamba mambo ya hapa hayanihusu tena, kwa kuwa naondoka. Mbona basi yananiuma?

Jumapili, 7 Aprili

Saa nane mchana. Naandika huku nikicheka.

Baada ya chakula niliutungua mfuko wangu msumarini. Nilitaka kuuthibitisha, kama mtu anayesoma tena barua. Nikaubonyeza chini. Mkunjo mmoja, mkunjo wa pili, mshono. Na kati yake, kitu kigumu kidogo. Nikachukua mkasi wa binti yangu, nikafumua uzi mmoja baada ya mwingine, nikafunua.

Lebo. Nyeupe, safi, imenyooka sambamba na mshono, kana kwamba imepimwa kwa rula. Ningeitambua hata gizani. Katika duka lote ni mtu mmoja tu anayebandika hivyo.

Nilikaa kitandani na akili ikapanga mambo moja moja kama herufi. Unga ule ulilowa stoo. Haukufika kaunta. Kama haukufika kaunta, haukupita juu ya kibao. Kama haukupita juu ya kibao, lebo zake hazikufa. Miaka tisa nimebandika lebo nikijua kwamba mwisho wake ni kufa kwa keshia. Sikuwahi kufikiri kuna bidhaa inayoweza kutoka dukani bila kupita mlango wa wateja. Mimi mwenyewe niliifuta mifuko ile vumbi, nikaikunja, nikaitoa kwa mlango wa nyuma, hamsini na miwili, kila mmoja na king'ora chake. Na fundi, kwa ustadi wake, akazishonea ndani!

Nikaanza kucheka. Binti yangu akaingia mbio na kifaa chake cha kupimia presha.

"Baba! Una nini?"

"Mimi ndiye mwizi," nikasema.

"Umeiba nini?"

"Unga. Hewa. Sijui. Mkamate baba yako."

Nilipomweleza alikaa chini sakafuni, akacheka mpaka akashika mbavu, huku akiendelea kunipima presha kwa mkono mmoja. Iko sawa, anasema.

Jumatatu, 8 Aprili

Nilifika dukani kabla ya kufunguliwa, na mfuko uliofumuliwa chini ya kwapa. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba. Meneja alipotokea na funguo zake, hotuba yote ikanikimbia, nikaitoa lebo nikaiweka kiganjani mwake.

"Hii ni kazi ya mkono wangu," nikasema. "Iko ndani ya kila mfuko wa fundi. Ni ile mifuko iliyolowa, haikupita kaunta. Fundi hana kosa. Wateja hawana kosa. Mimi ndiye."

Aliitazama lebo. Akautazama mfuko. Akaenda kati ya nguzo, akaunyanyua mfuko wake mwenyewe, ule alioununua kwa fundi, ambao haujafumuliwa, akapita. Yowe. Akarudi. Yowe. Akapita mara ya tatu, kama mtoto anayechezea swichi.

"Mzee," akasema hatimaye, "na mimi ndiye niliyesema uchukue."

Akakaa juu ya kikapu cha plastiki, akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, na ndipo nikagundua kwamba yule meneja ni mdogo kuliko binti yangu, na kwamba tangu aje hapa hakuna aliyewahi kumpa chai.

Fundi alikuwa amekwisha fika, amesimama kando ya cherehani iliyofungwa kamba, tayari kuondoka. Meneja akamwendea mwenyewe. Nilisikia maneno mawili: "Mama, nisamehe." Fundi akavaa ile miwani ya uongo, akamwangalia muda mrefu, akavua.

"Fungua kamba," akamwambia. "Uliyesababisha ifungwe, ifungue."

Meneja wa supamaketi akapiga magoti kwenye maji akafungua fundo.

Yaliyofuata sijawahi kuyaona katika duka lolote. Habari ilitembea mtaani haraka kuliko mvua. Kufikia saa tano kulikuwa na foleni kutoka kaunta ya pili hadi nje, chini ya miavuli, ya watu wenye mifuko ya masuke, wanaleta lebo zao zizimwe. Kwa sababu ya ile kazi ya kukunja mara mbili, kibao hakikuzifikia kirahisi. Ilibidi kila mfuko ugeuzwe ndani nje na usuguliwe. Keshia anasugua, Samahani anapita nao kati ya nguzo kujaribu. Nguzo zikinyamaza, watu wote: "Amepona!" Zikilia: "Mrudishe wodini!"

Mwalimu mkuu alikataa wa kwake kuzimwa. "Uacheni. Tangu uanze kulia, wanafunzi wangu wa zamani wote wananisalimia."

Daktari wa meno alisema ni mara ya kwanza kukaa kwenye foleni bila kuogopwa. Mtu mmoja akaniletea mfuko akasema, "Mjomba, umegeuka kuwa fundi wa kelele." Mwingine: "Babu, ukiondoka utatuachia nini cha kucheka?" Nilisimama pale kaunta kuonyesha mahali pa kusugua, na kila aliyefika aliniita kitu: babu, mjomba, mzee wangu, baba wa muuguzi. Sikuwahi kuwaona wote kwa pamoja. Mimi hukaa stoo.

Jioni mvua ilipozidi nilitoka barazani. Fundi alikuwa peke yake, anashona.

"Kumbe ni wewe," akasema bila kunitazama.

"Ni mimi."

"Nilikuwa nahisi vitu vigumu chini ya sindano. Nikasema labda ni kiwanda kilichoweka, kuimarisha. Nikavishonea vizuri visitoke." Cherehani ikasimama. "Unaondoka lini hasa?"

"Mvua ikikatika."

Akatazama nje, maji yanavyoruka juu ya lami.

"Basi na inyeshe," akasema, akaendelea kushona.

Alhamisi, 11 Aprili

Imenyesha.

Jumamosi, 20 Aprili

Imenyesha. Nakunywa chai barazani kila siku saa kumi. Paa la stoo limetengenezwa wiki iliyopita. Sijamwambia mtu kwamba halivuji.

Jumapili, 28 Aprili

Mdogo wangu amepiga simu. Chumba kimekwisha, kimepakwa rangi ya maziwa. Nikamwuliza kuhusu kiwanda cha uchapaji. Ni duka la simu. Nikamwuliza kinyozi wa kona. Amefariki. Mama wa maandazi? Amefariki zamani, kaka, nilikuambia. Mpiga picha? Alihamia kwa wanawe.

Baada ya simu nilichukua karatasi nikaandika watu wote wa mtaa wetu ninaowakumbuka. Kumi na mmoja. Walio hai ni wawili, na mmoja ni yeye aliyenipigia. Kisha, kwa mchezo tu, nikaandika waliokuwa kwenye foleni ile Jumatatu. Nilipofika wa arobaini mkono ulichoka.

Jumamosi, 11 Mei

Jua siku ya tatu mfululizo. Watu wanashangilia, wanaanika magodoro. Mimi nimekuwa mkali bila sababu. Keshia kaniambia: "Babu, leo umebandika lebo mbili upande." Nikaenda kutazama. Ni kweli.

Jumapili, 12 Mei

"Baba, umefunga nini mpaka sasa?" binti yangu kauliza.

"Daftari."

"Daftari halivaliwi." Akaketi kitandani kwangu. "Sikuzuii. Ukienda nitakusindikiza hadi mlangoni mwa nyumba hiyo, nitakutandikia. Lakini usiseme 'twende nyumbani' ukinitazama mimi. Mimi kule nilibebwa mgongoni nikiwa usingizini, sikuona kitu."

Akanyoosha pembe ya shuka langu.

"Na yule mama wa cherehani amenikatia sare bila kunipima. Nikamwuliza amejuaje vipimo. Akasema, 'Baba yako hueleza.' Baba, huwa mnaongea nini nyie watu saa kumi?"

Nikamwambia mambo ya ufumaji.

"Hm," akasema muuguzi.

Jumamosi, 18 Mei

Mdogo wangu amefika. Ameingia dukani na vumbi la siku mbili na nusu, akauliza wapi alipo kaka yake, na mtaa mzima ukamwonyesha kidole. Tulikumbatiana kati ya mafuta ya kupikia na maziwa ya unga. Amekuwa na mvi za baba. Nilimshika shingo kama tulivyofanya utotoni na hatukuachana hadi Samahani akasema, "Samahani, wazee, mmeziba njia."

Aliizunguka meza yangu. "Kaka, mpanga herufi, unabandika vikaratasi?"

"Tazama vilivyonyooka," nikasema.

Akatazama. Akakubali kwamba vimenyooka.

Nilimpeleka barazani kwa chai. Nikamwona anamtazama fundi, kisha ananitazama mimi, kisha anatazama vikombe: kimoja kina kisahani, na hicho ndicho nilichowekewa. Mdogo wangu si mjinga. Aliweka chai yake chini bila kuinywa.

Tulipofika nyumbani nilimwambia yote: fundi, chai ya saa kumi, na kwamba nataka kubaki. Alisimama katikati ya chumba changu, mikono kiunoni.

"Nimeendesha siku mbili na nusu kuja kuchukua mzigo, mzigo unaniambia una mchumba!"

"Bado si mchumba. Sijamwambia."

"Kumbe bado! Kwa hiyo mimi naachwa kwa ajili ya mtu ambaye hata hajaulizwa!" Akaketi. Sauti ikashuka. "Kaka, nimekaa peke yangu kule na kuta. Kila nilipopiga brashi nilisema, atakaa hapa, atasoma hapa. Nimekuwekea rafu ya vitabu."

Nilimwambia kweli tupu: kwamba ile nyumba naipenda, kwamba nitaipenda mpaka nife, na kwamba nikiingia ndani yake nitakuwa mgeni anayeonyeshwa choo kilipo. Hapa, siku nguzo zilipolia mara tisini na tatu, kosa lilikuwa langu, na watu walikuja na mifuko yao wakicheka. Mgeni akikosea husamehewa kwa adabu. Mimi nilitaniwa.

Alikaa akivuta uzi wa mkono wa shati lake.

"Nani atakusemea kwa huyo mama?" akauliza hatimaye, kwa hasira. "Una nani hapa wa upande wako? Mwanaume mzima utajisemea mwenyewe, kama muuza karanga?"

Sikuwa nimefikiri hilo. Nina binti, lakini mtoto hamposei baba yake.

"Nilikuja na koti," akasema. "Lipigwe pasi."

Jumatatu, 20 Mei

Mdogo wangu alikwenda barazani saa kumi, koti limenyooka, viatu vimeng'aa. Mimi niliambiwa nibaki stoo. Keshia, Samahani na meneja walikuwa wamejibanza nyuma ya rafu ya sabuni. Keshia ndiye aliyenihadithia neno kwa neno, na hata akiongeza, hawezi kuongeza zaidi ya hapa.

Mdogo wangu alianza kwa salamu, akapitia hali ya barabara, akapitia ukoo wetu hadi babu wa babu. Akasema amekuja kumsemea kaka yake, na angependa kujua ni nani wa kuzungumza naye kwa upande wa bibie.

"Wa kuulizwa wangu wote wametangulia," fundi akajibu. "Niulize mwenyewe, hapa ninasikia."

Akamwuliza.

Fundi akavaa miwani ya pili. "Anaondoka au haondoki? Nijue hilo kwanza. Mimi sishoni nguo ya mtu ambaye hatakuja kuichukua."

Keshia anasema mdogo wangu alimeza mate mara mbili. Nami namjua: hapo ndipo alipokuwa akikiaga kile chumba.

"Haondoki," akasema. "Mimi ndiye niliyekuja kumchukua, na mimi ndiye nasema haondoki."

"Basi mwambie atoke huko stoo," fundi akasema. "Paa halivuji tangu Aprili. Anadhani sijui?"

Nyuma ya rafu sabuni zilianguka zote.

Jumatano, 22 Mei

Mdogo wangu ameondoka leo saa mbili asubuhi. Chumba cha mashariki atamweka mwanawe wa kwanza, anayetaka kuoa. Rafu ya vitabu itajaa viatu, amesema, na nimemwambia viatu navyo vinahitaji pa kukaa. Fundi amemshonea suruali mbili na amemfokea kwa kuendesha bila kula. Kwenye dirisha la gari aliniuliza, "Sasa kule wakiniuliza uko wapi, nijibu nini?"

"Waambie ameoa," nikasema.

Akacheka, akafuta macho kwa kofia, akatia gia. Nilimtazama hadi kona. Nilimpenda kuliko siku zote, na sikutaka kumfuata.

Harusi ni Juni nane. Meneja ataruhusu baraza itandikwe viti, na Samahani ndiye atakayewapokea wageni mlangoni. Binti yangu anamnunulia mama yake mpya kitambaa, ashone mwenyewe, kwa kuwa hakuna fundi mwingine anayemwamini.

Nimemwambia mdogo wangu, nimemwambia binti yangu, na sasa naandika kwa mkono wangu: sitarudi.